UZI: Salamanda wawili ndugu waliotenganishwa na mto mmoja, kwa nini mmoja kaandikwa "hatarini kutoweka" na mwenzie bado

MtuWaMadimbwi (mleta uzi)

Wakuu salama humu ndani? Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu sana, leo acha niushushe wote. Ni mrefu, mwenye haraka aupitie juu juu alafu atarudi baadae akitulia.

Nataka tuongelee salamanda wawili wa kusini mashariki mwa Marekani. Kwa ambaye hajawahi kukutana na jina hilo, salamanda ni amfibia, yani yuko kundi moja na chura, ila huyu anabaki na mkia mpaka uzeeni, ana miguu minne mifupi na ngozi laini yenye unyevu isiyo na hata gamba moja. Ukimwona haraka haraka utasema mjusi, kumbe wala hawakaribiani, mjusi anaota jua ili achangamke na huyu jua hilo hilo linamkausha anakufa.

Hao wawili ni wa jenasi ya Ambystoma, ile ile ya aksolotli wa Mexico ambaye wengi mshamwona kwenye picha na yale matamvua yake yametokeza pembeni ya kichwa. Mmoja anaitwa Ambystoma cingulatum, mwingine Ambystoma bishopi. Majina yao ya kawaida huko kwao yametokana na mgongo, wa kwanza mgongo wake ni kama umedondokewa na sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe juu ya majani alfajiri ya baridi, na wa pili ana mistari inayopishana kama nyavu. Kwa hiyo humu nitawaita Sakitu na Wavu, tusichoshane na Kilatini. Wote wawili ni wadogo, aliyekua kabisa anafika sentimita 13 hivi pamoja na mkia, rangi nyeusi au kahawia iliyoiva na hiyo mistari ya kijivu juu yake.

Sasa kisa chenyewe. Cope, yule mwanasayansi wa Kimarekani, alimwandika cingulatum karne ya 19. Mwaka 1950 Coleman Goin akasema jamani hawa wa upande wa magharibi mbona wana utofauti, akawatenga kama nususpishi akawapa jina la bishopi. Baadae huo utengano ukaachwa, wakahesabika kuwa kitu kimoja, na mwaka 1999 serikali ya Marekani ilipowaingiza kwenye ile sheria yao ya viumbe vilivyo hatarini ya mwaka 1973 iliwaingiza kama spishi moja, daraja la "inatishiwa". Mwaka 2007 ndo watafiti Pauly, Piskurek na Shaffer wakaja na utafiti wa DNA na wa maumbile wakaonyesha hizi ni spishi mbili kamili na mpaka wao ni mto Apalachicola, ule unaokatiza Florida kwenda kumwaga maji kwenye ghuba. Mashariki ya mto ni Sakitu, kuanzia Florida, Georgia mpaka South Carolina. Magharibi ya mto ni Wavu, kile kipande chembamba cha Florida, pembe ya kusini magharibi ya Georgia, na zamani kusini mwa Alabama.

Februari 2009 serikali ikakubali. Wavu akapandishwa kuwa "hatarini kutoweka", Sakitu akaachwa pale pale kwenye "inatishiwa".

Na hapa ndo pananiuma mimi. Watu wengi wakisoma hivyo wanaona kama foleni, kwamba Wavu yuko mbele ahudumiwe kwanza na Sakitu anaweza kungoja kidogo. Mi naona tofauti kabisa. Siku walipogawanywa, ile akiba tuliyodhani ni moja kubwa ikawa viakiba viwili, na hakuna hata kimoja kinachoweza kumkopesha mwenzie. Ukipoteza madimbwi ya mashariki huwezi kuchukua wa magharibi ukaja kuziba pengo, si spishi ile tena. Kwa hiyo kugawanywa hakukumfanya mmoja awe na hali mbaya na mwingine nzuri, kuliwafanya wote wawili wawe wachache kuliko tulivyokuwa tunahesabu.

Niwaelezee maisha yao maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini hali imekuwa ngumu hivi, na kwenye hili hawa ndugu wawili wanafanana kama mapacha.

Muda mwingi wa mwaka humwoni. Yuko chini ya ardhi, kwenye mashimo yaliyochimbwa na kamba wa maji baridi na kwenye njia zilizoachwa na mizizi iliyooza, anakula nyungunyungu na vitu vidogo vidogo. Juu yake ni msitu tambarare wa misonobari ya majani marefu, mwanga unapita mpaka chini, na chini kuna nyasi nyembamba ngumu zimejaa kama zulia. Ikifika Oktoba mpaka Desemba hivi, usiku wa mvua na ubaridi umeingia, anatoka anatembea mamia ya mita kwenda kwenye dimbwi la kuzaliana. Ila dimbwi lenyewe bado ni kavu! Hajakosea lakini. Jike anataga juu ya udongo wenye unyevu, kwenye bonde la dimbwi ambalo bado halijajaa, anayaficha mayai chini ya nyasi na majani, moja moja au kwa vifungu vidogo, alafu anaondoka zake. Kuna binamu yao mwenye mabaka meupe, Ambystoma opacum, na yeye anataga nchi kavu lakini yule anabaki kuyalinda mayai. Hawa hawabaki.

Kijusi kinakua ndani ya yai mpaka kinakuwa tayari kutoka, kisha kinasubiri. Hakitoki. Kinasubiri maji yapande yalifunike yai ndo kianguliwe. Yani mama ameweka dau kwamba mvua itakuja na itapanda mpaka pale pale alipotagia. Ikija, viluwiluwi vinatoka na matamvua ya nje na mistari mirefu ubavuni, vina wiki 11 mpaka 18 za kukua kabla havijawa salamanda wa nchi kavu, na hiyo inaangukia mwezi wa tatu mpaka wa tano dimbwi likiwa linaelekea kukauka tena.

Hesabu mwenyewe. Mvua ikichelewa, mayai yanakauka. Mvua ikija mapema alafu ikakata, viluwiluwi vinabaki kwenye tope. Dimbwi likiwa la kudumu linaingia samaki na samaki anamaliza vyote. Kwa hiyo anahitaji dimbwi linalokauka kila mwaka lakini lisikauke mapema, na lijae lakini lisijae mapema. Miaka ikifuatana mitatu minne ya ukame, kizazi kizima kinapita bila mtoto, na wazee hawaishi milele.

Naomba nipumzike hapa, maswali yaje.

Nyota_ya_Jioni

Asante sana kwa uzi mkuu, hii ya yai kusubiri maji imenigusa. Swali langu dogo tu, ukimkuta mmoja unajuaje ni yupi? Maana umesema sakitu na wavu lakini nimeangalia picha za wote wawili naona kama naangalia mnyama mmoja.

MtuWaMadimbwi

Dada hujakosea, hata wataalamu hawaamini mgongo peke yake. Kuna Sakitu wenye mistari ya wavu kabisa, na kuna Wavu ambao mistari imekatika katika ikawa madoa. Kinachotumika kwanza ni mahali, umesimama upande gani wa Apalachicola. Vipimo vya mwili na DNA ndo vinathibitisha. Ndo maana walihesabika kuwa kitu kimoja muda wote ule, na sioni kama ilikuwa uzembe wa watu, ni ugumu wa wanyama wenyewe. Na huo mto si kwa hawa tu, kuna wanyama na mimea mingi ya ukanda ule ambayo ukiipima unakuta jamii ya mashariki na ya magharibi zimeachana pale pale.

Kipanga Mweusi

Mkuu mi naomba unieleweshe jambo moja. Nimesoma sehemu kwamba wanachoma moto hayo maeneo ili kuwasaidia salamanda. Umesema ngozi ina unyevu, jua tu linamuua, sasa moto tena unamsaidiaje? Naona kama wanawamaliza.

MtuWaMadimbwi

Hili swali ndo roho ya uzi wote, nashukuru umeliuliza.

Msitu wa misonobari ya majani marefu umezaliwa na moto. Radi za mwanzo wa kiangazi zilikuwa zinawasha, moto unatembea chini chini kwenye nyasi, unachoma vichaka na miche ya miti mingine, msonobari wenyewe unastahimili maana hata mche wake umejengewa kuvumilia. Kipindi hicho salamanda yuko ardhini, moto unapita juu yake wala haumfikii. Na la muhimu kuliko yote, kipindi hicho madimbwi ni makavu, kwa hiyo moto unaingia mpaka katikati ya dimbwi unasafisha humo humo. Ukipita, nyasi zinarudi, mwanga unafika chini, na maji yakija viluwiluwi vinakuta msitu wa nyasi za kujificha mchana, usiku vinapanda juu kuwinda vijidudu vya majini.

Sasa watu walipoanza kuzuia moto, miongo na miongo, vichaka vikaingia kwenye madimbwi, miti ikafunga juu, majani makavu yakalundikana chini, nyasi zikafa. Dimbwi bado lipo, maji bado yanajaa, ukilipita kwa gari unasema mbona pazuri tu. Lakini jike akifika hapati pa kutagia na kiluwiluwi hakina pa kujificha.

Alafu baadae waliporudi kuchoma kwa mpango, wengi walichoma majira ya baridi maana ni salama zaidi na moto hauleti kiburi. Ila majira ya baridi madimbwi yamejaa maji! Moto unafika ukingoni unazimika. Msitu wa pembeni unapendeza, dimbwi lenyewe linaendelea kufunga. Unaona tatizo lilivyo la ajabu, mtu anachoma kweli, anajitahidi kweli, na bado pale penye uhai wa huyu mnyama hapaguswi miaka nenda rudi kwa sababu ya mwezi aliouchagua. Kwa wote wawili, Sakitu na Wavu, hili ndo jambo la kwanza. Moto uje dimbwi likiwa kavu.

Na pakishafunga sana moto peke yake hautoshi, vichaka vibichi vyenye kivuli na unyevu havishiki. Kule kambi ya Eglin, Florida upande wa Wavu, watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech walishirikiana na watu wa kambi wakaingia madimbwini wakakata miti na vichaka kwa mashine na kwa mikono kwanza, ili mwanga urudi, nyasi zirudi, ndo moto upate cha kutembelea. Kazi ya jasho haswa.

Kipanga Mweusi

Nimekuelewa sana mkuu. Kumbe moto ni kama palizi.

MtuWaMadimbwi

Umeisema vizuri kuliko mimi. Palizi kabisa.

Niongezee hapo hapo ukubwa wa hasara. Misonobari hiyo ilikuwa inafunika kama ekari milioni 90 kusini mwa Marekani kabla haijaanza kukatwa, ikaja kubaki kama asilimia 3. Pengine palipobaki na miti, ilipandwa misonobari ya kibiashara mistari mistari, ardhi inaparuliwa inainuliwa matuta ili miche isizame, na ukishainua matuta umeshaharibu maji yanavyotembea na umeyafukia yale mashimo ya chini. Kuna utafiti wa Means, Palis na Baggett wa mwaka 1996, Liberty County, Florida, upande wa Sakitu. Miaka ya 1970 mpaka 1972 walikuwa wakiangalia kipande cha barabara kama kilomita 4 usiku wa mvua wanakuta salamanda 200 mpaka 300 wanavuka kwenda kuzaliana. Wakaangalia tena miaka ya 1990 mpaka 1992, barabara ile ile, wakawa hawafikishi hata mmoja kwa usiku. Katikati hapo msitu uligeuzwa shamba la miti. Mi nikiisoma ile najiuliza madereva waliokuwa wanapita pale kila siku kama kuna hata mmoja aliona kwamba kuna kitu kimepungua barabarani.

Bakora ya Haki

Naomba kupingana na mleta uzi kwa heshima zote. Hela za uhifadhi siku zote hazitoshi. Kama wanasheria na wanasayansi walikaa wakaona Wavu ndo yuko hatarini kutoweka na Sakitu anatishiwa tu basi ni haki aliye karibu na kaburi ashughulikiwe kwanza. Ukisema wote sawa mwisho wa siku hela inatawanyika na unawapoteza wote. Daraja zipo kwa sababu.

MtuWaMadimbwi

Kaka hoja yako ina uzito na siipuuzi. Ngoja nianze na unapokuwa sahihi.

Kwenye sheria ile "hatarini kutoweka" maana yake spishi iko kwenye hatari ya kutoweka sasa hivi, kwenye eneo lake lote au sehemu kubwa ya hilo eneo. "Inatishiwa" maana yake inaelekea huko siku za usoni zinazoweza kuonekana. Mwaka 2009 Wavu alistahili kabisa hilo daraja, sehemu alizobaki nazo zilikuwa chache mno, na Alabama hakuwa ameonekana tangu 1981. Angalia hata makazi yaliyotengwa kisheria mwaka huo, jumla ekari 27,423, kati ya hizo Sakitu alipata ekari 22,970 na Wavu ekari 4,453. Ukiangalia namba hizo unasema Sakitu ana nafasi mara tano.

Ila ekari si salamanda. Hizo ekari 22,970 ni eneo lenye madimbwi na duara la kama mita 457 kuzunguka kila dimbwi ili kumlinda mnyama anapoishi ardhini, haimaanishi kila dimbwi humo lina wanaozaliana. Dimbwi lililofungwa na vichaka linahesabika ekari sawa sawa na lenye uhai.

Alafu ije Oktoba 2018. Ngome kubwa ya Sakitu ni hifadhi ya St. Marks, iko pwani kabisa, na madimbwi mengine yako karibu na chumvi. Tarehe 10 Oktoba kimbunga Michael kikatua pwani ya Florida kikiwa daraja la 5, kikasukuma maji ya bahari nchi kavu, na maji ya chumvi yakaingia kwenye madimbwi ya kuzaliana ya St. Marks. Mwezi wa kumi! Ndo mwezi ule ule wanaojiandaa kutoka. Salamanda ananywa kwa ngozi, yai lake halina ganda, chumvi ikizidi hana pa kukimbilia. Siku moja tu, na hakuna mstari hata mmoja wa sheria uliobadilika siku hiyo, daraja lake lilibaki lile lile la mwaka 2009.

Hoja yangu haikuwa kwamba hela igawanywe nusu kwa nusu. Ninachokataa ni ile tabia ya kusoma "inatishiwa" kama "bado ana muda". Mwenye madimbwi mengi yaliyo ufukweni anaweza kuishiwa haraka kuliko mwenye machache yaliyo juu. Na dawa ni ile ile moja kwa wote, moto wa majira sahihi, kufungua madimbwi, kuzuia matuta. Mtu akijifunza kuifanya vizuri kwa Wavu keshajifunza kwa Sakitu, haitawanyi hela.

Bakora ya Haki

Sawa mkuu hapo kwenye chumvi umenibana kidogo. Bado naamini lazima kuwe na kipaumbele ila nakubali kipaumbele kifuate hali ya dimbwi kuliko jina la daraja.

MtuWaMadimbwi

Hapo tumekutana kaka, tena umeiweka vizuri.

mama_Zuri

Mleta uzi umetaja kambi, Eglin, hiyo si kambi ya jeshi? Wanafanya nini salamanda huko? Na jeshi linakubali?

MtuWaMadimbwi

Ni kambi ya jeshi la anga dada, Eglin, ekari zaidi ya laki nne za Florida, ndo sehemu yenye Wavu wengi waliobaki, pamoja na uwanja jirani wa Hurlburt Field. Upande wa Sakitu kuna kambi ya jeshi la nchi kavu Georgia, Fort Stewart. Haikutokea kwa bahati. Ardhi ikishakuwa ya kijeshi haijengwi mitaa wala hailimwi, na mazoezi ya silaha yanawasha moto mara kwa mara, nyasi zikabaki wazi sehemu nyingi wakati nje ya uzio msitu unakatwa.

Ila kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kambi hizo hazimo kwenye zile ekari 27,423. Sheria inaruhusu ardhi ya jeshi isitengwe kama kambi ina mpango wake wa maliasili unaomnufaisha mnyama, na zilikuwa nao. Kwa hiyo ukisoma namba za makazi ya kisheria ukadhani umeona picha nzima ya Wavu, umeikosa nyumba yake kubwa kuliko zote. Mimi sina shida na utaratibu huo ilimradi kazi inafanyika, na Eglin kazi imefanyika, hao watu wa kukata vichaka niliowataja walikuwa huko huko. Wasiwasi wangu ni kwamba spishi nzima imeegemea mahali pamoja. Uangalizi ukilegea pale, au miaka mibaya ya mvua ikifuatana pale, hakuna pengine penye wingi wa kusaidia.

Mwalimu Daraja la Tatu

Kuna ule ugonjwa wa fangasi unaoua salamanda Ulaya, je hawa umewafikia?

MtuWaMadimbwi

Unaongelea ule ulioandikwa kisayansi mwaka 2013 baada ya kuteketeza salamanda kule Uholanzi. Marekani walishtuka, Januari 2016 wakazuia uingizaji wa spishi 201 za salamanda kutoka nje ili usiingie na biashara ya wanyama wa kufugwa. Kwa hawa wetu wawili tatizo la leo ni madimbwi na moto, siyo huo, ila kwa idadi walionayo ugonjwa wowote mpya ungekuwa msiba.

Nyota_ya_Jioni

Mkuu na hii ya kuwafuga? Aksolotli amejaa kwenye matanki ya watu dunia nzima na ni jenasi moja umesema. Si wangezalisha tu hawa kwenye matanki wakawaachia?

MtuWaMadimbwi

Ningependa iwe rahisi hivo. Aksolotli anaishi majini maisha yake yote, anazaa humo humo kwenye tanki, na pamoja na wingi huo wa kwenye matanki kule kwake Xochimilco hali yake ni mbaya kweli kweli. Kwa hiyo wingi wa kwenye vioo hauponyi ziwa.

Hawa wetu wanataka usiku wa baridi, udongo wenye nyasi ambao maji bado hayajaufunika, alafu maji yapande kwa wakati, na miezi ya kukaa ardhini. Kuigiza hayo yote ndani ya chumba ni kazi nzito, kuna watu wanaipigania, Amphibian Foundation ya Atlanta ni moja ya walioshika upande wa Sakitu. Kinachofanyika porini kwa wote wawili ni kitu cha kati. Watafiti wanaingia kwenye madimbwi makavu wanapiga magoti wanapekua nyasi shina kwa shina wanatafuta mayai, mengine wanayachukua, wanayafunika na maji yaanguliwe, alafu viluwiluwi vinalelewa nje kwenye yale matanki makubwa ya kunyweshea ng'ombe, yamewekewa nyasi na vijidudu vya dimbwi, bila samaki na bila hofu ya kukauka. Vikishakuwa salamanda wadogo wanarudishwa pembeni ya dimbwi lile lile. Mwaka ambao dimbwi limekauka mapema hao wa matankini ndo wanakuwa kizazi pekee cha mwaka huo.

Kipanga Mweusi

Swali la mwisho mkuu tukuache upumzike. Kama wamebaki wachache hivi kwa nini wasiwachanganye tu? Wavu na Sakitu pamoja, wazaliane, wapate nguvu.

MtuWaMadimbwi

Nimeliwaza hilo mara nyingi kaka na jibu langu ni hapana, walau kwa sasa. Wametengana muda mrefu sana kwa huo mto, kila upande umejenga mwili wake, ukiwachanganya unapata kitu cha tatu na umewapoteza wawili uliokuwa unataka kuwaokoa. Njia iliyo karibu zaidi ni kuwahamisha ndani ya upande wao wenyewe. Wavu wa dimbwi lenye wengi wapelekwe kwenye dimbwi la magharibi lililofunguliwa upya, Sakitu wa ufukweni wapelekwe yaliyo juu zaidi mbali na chumvi, hata ndani ya msitu wa taifa wa Apalachicola ambao uko upande wao. Lakini huwezi kumhamishia mtu kwenye nyumba iliyofungwa. Lazima kwanza dimbwi lipaliliwe, moto upite ndani yake likiwa kavu, nyasi zirudi, na hiyo inachukua miaka kadhaa kwa dimbwi moja. Kwa hiyo wanaotaka kuhamisha wa mwaka kesho kutwa inabidi wawe wameshaanza kukata vichaka sasa, kabla mvua za majira ya baridi hazijajaza bonde tena.